Deheni ya Baba na Mashua ya Sufuria

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, asubuhi

Kwa Dada yangu Zuhura binti Mfaume, Kivinje

Assalamu aleikum, na shikamoo Dada. Nakuomba uipokee barua hii ukiwa umekaa, maana ni ndefu na haina mpangilio. Nataka kujua hali yako na ya shemeji, na mguu wa Shangazi kama umeacha kuvimba, na kuliko yote macho ya Baba, kama lile la kulia bado linaona mwanga. Mimi mwili ni mzima, nakula na nalala. Kichwa ndicho hakitaki kukaa mahali pamoja. Tangu nianze mistari hii nimeshainuka mara mbili kwenda uani, nikaizunguka mashua, nikaigonga kwa kidole, nikarudi. Hakuna nilichokifanya huko.

Kabla hujaenda mbele nina ombi. Najua barua zangu huzisoma kwa sauti barazani, Baba yuko mkekani na majirani wamejaa hadi ngazini. Hii usiisome hivyo. Ingia nayo chumbani, urudishe mlango, uisome peke yako. Baba akiuliza kuna nini, mwambie Salehe ameandika habari za mchumba. Hilo ndilo mnalolitaka nyote siku hizi, atanyamaza kwa furaha.

Barua yako ya mwisho ndiyo iliyonivuruga. Uliandika kwamba Baba sasa anashikwa mkono kila siku mpaka pwani, na kila nahodha anayetoka huku anamuuliza kama ameiona mashua nyeupe ya bati pale Mtoni. Tena kwamba amewaambia wazee wenziwe, "Watu wa mjini wana mabati yao, lakini deheni wamekuja kuitafuta kwangu." Uliandika hayo ukicheka, nimekuona kabisa ukicheka. Mie nilipofika hapo niliikunja karatasi, nikaitia chini ya mto, na tangu siku ile sijaisoma tena.

Dada, hiyo deheni, dawa yake ya kupaka vyombo chini, ndiyo habari yenyewe. Lakini acha nianze mwanzo, kwa sababu nimekuwa nikikuandikia vipande vipande, na vingine nilivificha.

Mashua hii ilikuwa ya afisa mmoja wa Kizungu aliyekuwa akienda nayo kuvua kwa mshipi siku za mapumziko. Aliporudi kwao Ulaya aliiacha kwenye banda la karakana yetu ya bandarini, na siku moja boriti la paa likaiangukia. Ni ndogo, watu watatu wanakaa, wa nne anabana. Yote ni alumini, lile bati jeupe la masufuria, haina ubao hata wa kuchokolea meno. Ilibonyea chini upande mmoja na ribiti zikang'oka safu nzima. Karakana ikataka kuitupa. Fundi Mkubwa, yule Kalasinga mzee anayetusimamia sisi mafundi bati, akaniambia, "Kama una mgongo, chukua." Nilikuwa na mgongo, na nikaazima mitatu mingine na mkokoteni mmoja.

Tulipofika hapa nyumbani ikakataa kupita mlangoni. Unamjua Bi Chausiku kwa barua zangu, mama wa Kizaramo mwenye nyumba hii ninayopanga chumba. Alitoka na mwiko mkononi, akatutazama tukiigeuza kichwa chini miguu juu, akasema, "Salehe, mie nilimpangisha mtu, sikupangisha bandari." Hata hivyo yeye ndiye aliyefungua ua wa makuti upande wa nyuma, akashika makuti kwa mikono yake mpaka tukapita. Tangu hapo wanawake wa nyumba hii hawaiiti mashua. Wanaiita sufuria. Nikirudi kazini wananiuliza, "Bwana Salehe, sufuria yako itaiva lini?"

Nilikuwa nikiifanyia kazi kila jioni kabla jua halijazama, na Jumapili kutwa. Upande uliobonyea niliuweka juu ya gunia la mchanga nikaugonga kwa nyundo ya mti, polepole, mpaka ukarudi. Ribiti nilipiga mpya. Vikalio nilivikaza. Bati lilikuwa jembamba pale nilipoligonga sana, lakini halikuwa na tundu hata moja, naapa. Nilijaza maji ndani nikayaacha siku mbili na chini kukabaki kukavu.

Unajua kwa nini nilikuwa na haraka. Ngalawa ya Baba imeoza, na macho yake hayamruhusu tena kuchonga nyingine. Mimi nina mwaka wa tisa hapa mjini na sijawapelekea kitu cha kusimama nacho. Baba alikuwa ameshanichongea nyundo yangu ya kukalafati, unaikumbuka, ya mkwaju, ndogo kwa mkono wangu. Nikamwachia ukutani nikaja kujifunza mabati. Hakunilaani. Alisema tu kwamba Dar es Salaam ikitaka kumwona, ije yenyewe, na mpaka leo hajakanyaga huku. Basi nikajisemea, nitarudi Kivinje kwa njia ya bahari, nitamweka Baba mbele kwenye mashua yangu, na tutakuwa tumelipana.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipo, Dada. Nilikuandikieni kwa majivuno kwamba ni bati tupu, haina mshono, haivuji, haitaki pamba ya kuziba wala chembeu ya kuishindilia milele. Nilimwandikia hayo mkalafati! Mtu aliyeziba mishono ya vyombo vya Kivinje yote tangu ujana wake, mimi namwambia kwa furaha kwamba nakuja na chombo kisicho na kazi naye. Ukanijibu kwamba Baba alinyamaza siku mbili, hakutoka barazani, halafu siku ya tatu akaomba aletewe chokaa. Akasema, "Hata hiyo itahitaji deheni."

Nimeinuka tena. Bi Chausiku yuko jikoni anachambua mchele, ameniuliza kama kiti changu kina siafu.

Lile debe lilifika kwa lori, limefungwa kwa gunia na kamba ya usumba, limeshonwa kwa mkono wako. Nilipolifungua harufu ilitoka nikawa Kivinje palepale, nimesimama matopeni. Umenieleza jinsi alivyoikoroga mwenyewe, chokaa na mafuta ya ng'ombe, mnamwelekeza mkono hataki, anapima kwa vidole. Nimeziona alama za vidole hivyo, Dada. Juu ya mafuta yaliyoganda palikuwa na michirizi minne, na mmoja mfupi, wa kile kidole alichokatwa na tezo. Nikaketi chini uani nikalia kama mjinga.

Na maagizo yake uliyaandika neno kwa neno. Mikono miwili ya deheni, chini kote. Kisha kufunika kwa magunia ya majimaji isije ikapasuka, na kuyalowesha kila siku. Kungoja bamvua, maji yakijaa sana, ndipo kuishusha. "Chombo hakishuki bila deheni, kiwe cha mti, kiwe cha dhahabu."

Siku niliyoanza kupaka, Bi Chausiku alikuja akasimama nyuma yangu.

"Hiyo nini?"

"Deheni, bibi. Chokaa na mafuta. Baba ameleta."

"Chokaa kwenye sufuria?"

"Si sufuria, ni mashua."

"Mwanangu, mie chombo sikijui, najua sufuria. Kunde ukizitia magadi ukazilaza humo, asubuhi sufuria imebabuka, na ukizoea hivyo inatoboka. Chokaa na magadi si ndugu hao?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kwamba baba yangu alikuwa akipaka vyombo kabla yeye hajavaa kanga. Akanitazama, akasema, "Haya, baba. Sikio la kufa halisikii dawa," akaenda zake.

Sasa nitakwambia lile ambalo sijamwambia mtu. Nilijua. Si kwamba nilijua kama anavyojua mtu wa vitabu, lakini kule karakana siku ya kwanza kabisa fundi mpya anaambiwa asioshe alumini kwa majivu wala asiiweke karibu na chokaa. Nimewaambia wengine hivyohivyo kwa kinywa changu. Na bado nilizamisha mkono ndani ya debe la Baba nikapaka mkono wa kwanza, nikapaka wa pili, nikafunika magunia, nikawa nayalowesha kila nirudipo kazini. Ningeweza kuandika, "Baba, hii haifai kwenye bati." Niliogopa zile siku mbili za kimya. Nikajiambia mafuta yatazuia chokaa, nikajiambia deheni ya Baba haijapata kuharibu kitu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Ikakaa hivyo chini ya magunia wakati wote wa mvua za vuli, kwa sababu bamvua ya kwanza nilikuwa na zamu na ya pili mvua ilitufungia. Siku tuliyoibeba kwenda Mtoni nyumba nzima ilifuata. Bi Chausiku alikuja na chetezo cha ubani, maana hana kinyongo yule mama, akaizunguka mashua mara tatu. Chini ilikuwa nyeupe pe kwa deheni, imependeza kama ya kwetu. Nikaisukuma kwenye ule mkono wa bahari, nikaruka ndani, nikashika kasia. Kwa muda wa kuvuta sigara moja, Dada, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika mji huu. Nilikuwa nikiongea peke yangu. Nilikuwa nikimwambia Baba ainamishe kichwa tusipigwe na mkoko.

Kisha nikahisi baridi miguuni. Nikadhani ni maji ya kasia. Nikatazama, nikaona maji hayaruki, yanatoka. Hayakuja kwa kishindo. Yalitokeza kama jasho, tone hapa, tone pale, mpaka chini kote kukalowa, na kabla sijaigeuza kurudi yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nilifika ufukoni nikiwa nimekaa kwenye maji. Watu hawakucheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Tulipoirudisha nyumbani niliikwangua. Chini ya deheni bati lilikuwa limefanya unga mweupe, na chini ya unga ule matundu, mengi ya kupita sindano, mengine ya kupita punje ya mtama, na yalizidi pale nilipokuwa nimegonga bati likawa jembamba. Chokaa imekula.

Fundi Mkubwa alisikia, akaja kuiona mwenyewe Jumapili iliyofuata, na kilemba chake cheupe na viatu vimejaa vumbi la Temeke. Yule mzee hana maneno mengi, na Kiswahili chake ni cha kazini. Alikwangua kwa ukucha, akaonja kwenye ncha ya ulimi, akatema.

"Chokaa?"

"Ndiyo, Fundi."

"Nani fundisha wewe?"

Na mimi, Dada, mimi Salehe bin Mfaume, nikasema, "Hakuna. Niliona tu mtu mmoja anapaka, nikaiga."

Akatikisa kichwa. "Mtu huyo mjinga sana."

Nikacheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi. Alicheka yeye nikacheka na mimi, tumesimama pande mbili za mashua, tunamcheka Baba. Bi Chausiku alikuwa palepale na ungo wake, na anajua debe lile lilitoka kwa nani. Mgeni alipoondoka hakunigombeza. Alisema, "Wee Salehe, mzee wako umemwacha njiani hivihivi," akaendelea kupepeta.

Sikulala vizuri kwa siku nyingi baada ya hapo. Nilimkasirikia Baba kwanza, nisikufiche. Nilisema kwa nini anaingia katika kazi asiyoijua, kwa nini hakubali kupumzika kama wazee wengine. Nilichukua nyundo nikaipiga mashua mara mbili kwa hasira, na alama zake zipo. Halafu nikajikasirikia mimi. Halafu nikakukasirikia wewe, kwa kuandika maagizo neno kwa neno bila kuniuliza, uone jinsi nilivyokuwa nimepotea. Kazini nikawa napiga ribiti upande, natumwa kuzitoa, nazipiga tena upande.

Mwishowe nilimfuata Fundi Mkubwa kwenye benchi lake. Nikamwambia, yule mtu niliyesema nilimwona, ni baba yangu mzazi, mkalafati wa Kivinje, na sikuiga, aliniagiza. Nilidhani atacheka tena. Aliweka faili yake chini, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Kwa mbao, dawa hiyo nzuri sana. Mbao tu." Kisha akasema mzigo wa bati ukija atanipa kipande nitie kiraka chini kote, ila meli yenyewe hajui itafika lini.

Nikarudi nyumbani na neno lile. Mbao tu. Nilitembea kwa miguu kutoka bandarini mpaka Temeke, nalitafuna njia nzima.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa maseremala wa Keko nikapata mbao tatu ndefu za mvule. Nimeikata mashua chini yote, Dada. Lile bati lililoliwa nimelitoa, limekaa uani, kuku wa Bi Chausiku wanalala juu yake. Nimebakiza mbavu tu za alumini, ambazo deheni haikuzigusa na ni nzima. Nimetia mataruma mapya ya mti, yale ya kukingama ndani, na nimefunga zile mbao chini kwa boliti, na kati ya mbao na bati nimepitisha turubali lenye rangi ili visigusane. Ni kitu cha ajabu kukitazama, juu Mzungu chini Mswahili. Wanawake wanasema sasa ni sufuria iliyokalia kinu.

Imekuwa imara. Nimepanda juu nikaruka. Lakini sasa ina mishono, Dada. Minne. Miwili katikati ya mbao, na miwili pembeni ambapo mbao zinakutana na bati, na hiyo ya pembeni ni migumu kweli.

Nikanunua pamba. Nikaazima chembeu. Nikajiambia, mtoto wa nyoka ni nyoka, mikono itakumbuka. Nimekaa chini ya chombo kile Jumapili tatu. Naisokota pamba, naiingiza, nagonga, inaingia. Nasogea mbele shubiri moja, kule nyuma imetoka. Nikigonga zaidi chembeu inauma ubao. Na sauti, Dada. Unaikumbuka sauti ya nyundo ya Baba, tulikuwa tukiisikia tukiwa chuoni tunasoma Kurani, na ulikuwa ukijua bila kuona kwamba mshono umejaa, kwa sababu sauti inabadilika, inakuwa nzito, ndipo anasogea. Alikuwa hatazami hata siku zile alipokuwa na macho yote mawili. Alikuwa akizungumza na watu, ametazama kwingine kabisa, anasikiliza. Nyundo yangu inalia vilevile mwanzo mpaka mwisho. Sisikii chochote.

Kila mtu hapa ana ushauri. Lami, wananiambia, mimina lami uishushe. Au ngoja bati la Fundi Mkubwa. Bati litakuja, kwa mwezi au kwa miezi, na mimi ni fundi bati, nitaipiga kiraka kwa siku moja na itaelea. Sitaki. Nimejaribu kujieleza kwa nini sitaki, na nimeinuka mara ngapi sijui asubuhi hii kwa sababu hiyo, na adhuhuri sasa imeadhiniwa bado nipo kwenye ukurasa huu.

Nimetoka kuswali, nimerudi. Nimebadili nia, Dada. Usimwambie Baba habari za mchumba. Mwite chumbani, umkalishe, umsomee barua hii tangu salamu. Barazani usiisome, wale wazee aliowatambia haiwahusu. Akitaka kuwaambia atawaambia mwenyewe. Lakini yeye msomee yote. Pale nilipocheka usiparuke. Usipunguze sauti wala usitie neno lako la kunitetea, kama ulivyokuwa ukifanya tulipokuwa wadogo. Na hapa chini ni yake.

Baba, shikamoo. Umesikia. Deheni yako ilikuwa nzuri, mimi ndiye niliyeipaka pasipo mahali pake, na nilijua, na sikuwa na ujasiri wa kukwambia. Kisha nikakukana mbele ya mgeni, nikacheka. Nakuomba radhi, na sikuombi unipe upesi.

Nina chombo hapa chenye mishono minne mitupu. Nimejaribu kwa uwezo wangu wote nimeshindwa. Usidhani nimekitia mbao ili nikuonee huruma nikutafutie kazi. Hilo la huruma lilikuwemo siku ya kwanza, sikatai, wakati wa kukata bati. Sasa halimo. Sasa nimekaa chini ya ubao na pamba mkononi, na sijui, na katika mji huu wote sijaona ajuaye kama wewe. Nakuomba uje Temeke. Najua ulilolisema juu ya mji huu. Macho yasikuzuie, sikuhitaji uone. Nitakushika mkono nikuweke kwenye mshono, na pamba nitasokota mimi, hilo naliweza. Mwambie Zuhura akufungie nyundo yako na chembeu zako, na ile yangu ndogo ukutani, kama bado ipo.

Njia ya Kilwa ni kavu sasa. Masika yakianza mto utaikata, malori hayatapita. Njoo kabla. Usipokuja sitakulaumu. Nitapokea bati la Fundi Mkubwa, nitapiga kiraka juu ya mbao hizi, mashua itashuka na watu watanipa hongera. Lakini kila nitakapoketi ndani yake nitajua kwamba nimekucheka mara ya pili.

Dada, umemaliza kusoma. Msalimie shemeji, mwambie nyavu alizoagiza nitamletea. Msalimie Shangazi na mguu wake, na mwalimu wetu wa chuo, mwambie bado naswali ingawa leo nimechelewa. Bi Chausiku anakusalimu. Amesema ameshatoa magunia ya mkaa kwenye chumba cha pembeni, na mgeni asiyekula papa asije kwake. Nimemwambia huyo hajazaliwa Kivinje.

Barua hii kesho naipitisha posta mwenyewe kabla ya kazi, nisije nikaichana kama nilivyozichana tatu za kwanza. Baba asinijibu kwa barua. Malori ya kutoka kwenu hushusha watu hapa barabarani alasiri, na kila siku nikitoka kazini nitapita hapo kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Salehe bin Mfaume